Nanoteknolojia ya molekuli: maswali ninayoulizwa kila wiki hapa Dodoma

Nafundisha kemia sekondari hapa Dodoma, na kila Ijumaa jioni nasimamia klabu ya sayansi. Tangu mwanafunzi mmoja alipokuja na video ya viroboti vinavyoogelea ndani ya mshipa wa damu na kukata uvimbe vipande vipande, sijapumzika. Naulizwa darasani, naulizwa kwenye kikao cha wazazi, na juzi nimeulizwa na bodaboda tukiwa njiani kwenda Nzuguni. Nimeona niyajibu kwa mkupuo mmoja. Nimeyapanga jinsi yanavyonijia, kwa hiyo usishangae ukikuta fizikia imekaa jirani na kabichi.

Mwalimu, nano ni ndogo kiasi gani hasa?

Nanomita ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Jibu hilo halimsaidii mtu, ndiyo maana darasani natumia uwele. Punje ya uwele ina upana wa milimita 2 hivi. Atomi ina upana wa karibu nanomita 0.2. Sasa tukuze kila kitu mara milioni 10, mpaka atomi ifikie ukubwa wa punje. Unywele wako utakuwa na unene wa mita 800. Ile punje yenyewe itakuwa na upana wa kilomita 20: unatoka Jamatini, unafika Mji wa Serikali kule Mtumba, na bado hujaimaliza. Wewe mwenyewe ukisimama utakuwa na kimo cha kilomita 17,000, wakati kipenyo cha dunia hii tunayoikanyaga hakifiki hata 13,000.

Nanoteknolojia inashughulika na vitu vya kati ya nanomita 1 na 100. Kwa kipimo chetu, ni kitu chenye upana wa punje 5 hadi 500.

Na hiyo "ya molekuli" ni ipi? Mbona nano inauzwa mpaka stendi?

Neno moja limebeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni chembechembe: kitu kimesagwa au kimekuzwa hadi kufikia udogo huo, na kwa udogo huo tabia zake zimebadilika. Hiyo ipo, inauzwa, na nyingine inafanya kazi vizuri sana. Mzigo wa pili ndio wa video: mashine zenye ukubwa wa molekuli, zinazoshika atomi chache chache na kuziweka mahali palipochaguliwa, kama mwashi anavyopanga tofali. Hiyo ndiyo nanoteknolojia ya molekuli, na hakuna mtu aliyeitengeneza bado.

Kuna na mzigo wa tatu, ambao ni biashara ya maneno. Mwaka jana nilimpa kijana mmoja shilingi elfu kumi anipake maji fulani kwenye kioo cha simu. Akasema ni nano, hata nyundo haifui dafu. Akakigonga kioo kwa sarafu mara tatu mbele ya watu, na mimi, mwalimu wa kemia, nikatikisa kichwa kwa kuridhika. Siku ya nne niliinama kuokota chaki, simu ikachomoka mfukoni na kutua kwa kona kwenye sakafu ya saruji. Ufa ukaenda kutoka pembeni mpaka kwenye kamera. Tabaka jembamba kiasi kile linaweza kusaidia maji yateleze, hilo sikatai. Lakini kioo mara nyingi hupasuka kwa ufa unaoanzia ukingoni, na maji yale hayakuwa na la kufanya na ukingo. Mke wangu hajaacha kunikumbusha.

Wazo lenyewe lilianzia wapi?

Mara nyingi hutajwa hotuba ya mwanafizikia Richard Feynman, huko California, tarehe 29 Desemba 1959. Alisema haoni sheria yoyote ya fizikia inayokataza kupanga vitu atomi kwa atomi. Neno nanoteknolojia lilikuja 1974 kwa Mjapani Norio Taniguchi, aliyekuwa akizungumzia uchongaji wa vitu kwa usahihi mkubwa. Aliyelipeleka wazo la mashine za molekuli kwa umma ni Mmarekani Eric Drexler, 1986, kisha mwaka 1992 akaliwekea hesabu zake za kihandisi.

Katikati hapo kikaja chombo. Mwaka 1981, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer wa maabara ya IBM kule Zurich waliunda hadubini isiyotumia mwanga wala lenzi: inapapasa uso wa kitu kwa ncha ya sindano, kama kipofu anavyosoma. Mwaka 1989 Don Eigler aliitumia kusukuma atomi 35 za gesi ya zenoni, akaandika herufi tatu za jina la kampuni yake. Alifanya hivyo kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Baridi hiyo iweke akilini, nitairudia.

Kwa nini watu wenye akili timamu waliamini inawezekana?

Chukua kinywe cha Mahenge na almasi ya Mwadui. Kinywe kinachafua vidole, ndicho kinachoandika ndani ya penseli. Almasi inakata kioo. Zote mbili ni kaboni tupu. Tofauti yote ya bei na ugumu imo kwenye mpangilio wa atomi. Mtu akiwa na mkono wa kupanga kaboni atakavyo, anaweza kutoa vifaa vyepesi kuliko tunavyovijua, betri, injini, chochote, na malighafi ipo mpaka kwenye moshi wa jiko.

Tena mkono huo upo, mwilini mwako. Ribosomu ni kiwanda cha nanomita 20 na ushei ndani ya seli, kinachosoma maelekezo na kuunganisha protini kipande baada ya kipande; ribosomu ya bakteria inaweza kuunganisha vipande mpaka 20 kwa sekunde. Kuna pia kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kemia ya mwili, chenye rota halisi, inayozunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde kutengeneza nishati unayotumia kusoma sentensi hii. Waliofafanua utendaji wake, Paul Boyer na John Walker, walipata Nobel mwaka 1997. Kwa hiyo mtu akisema mashine za molekuli haziwezekani kabisa, mwili wake mwenyewe unamsuta.

Sasa mbona hatuzioni?

Nianze na hesabu, maana ndiyo hunyamazisha darasa. Gramu moja ya kaboni ina atomi nyingi kiasi hiki: 5 ikifuatiwa na sifuri 22. Ukiwa na sindano inayoweka atomi moja kila sekunde, bila kulala, gramu hiyo itakuchukua miaka trilioni 1,600 hivi. Ulimwengu wote una miaka bilioni 13.8. Haya, ongeza kasi iwe atomi milioni moja kwa sekunde: bado ni miaka bilioni 1.6 kwa gramu moja, uzito wa kijibonge cha sukari kwenye ncha ya kijiko.

Drexler alilijua hilo kabla yetu, ndiyo maana akasema mashine ijengwe iweze kutengeneza mashine nyingine kama yenyewe. Moja inazaa mbili, mbili zinazaa nne. Baada ya kujizidisha mara 60 tu, unapata zaidi ya bilioni ya bilioni. Kwa idadi hiyo, na kasi ileile ya milioni kwa sekunde, unapanga zaidi ya gramu 20 za kaboni kila sekunde. Hesabu hiyo haina kasoro, na ndiyo iliyowafanya watu wengine wapagawe.

Lakini mashine ya kwanza, ile moja, inakaa wapi? Kwenye joto la kawaida la Dodoma hakuna kitu kinachotulia kwa kipimo hicho. Molekuli za hewa na za maji zinakimbia mamia ya mita kwa sekunde na kugongana bila kukoma. Mashine ya nanomita 10 iliyotumbukizwa majini ni kama mtu anayejaribu kutunga uzi kwenye sindano huku amepakiwa nyuma ya lori la mahindi, barabara ya vumbi, na lori halisimami. Ndiyo sababu Eigler alihitaji baridi ile: akiacha atomi zake zipate joto, maandishi yanatawanyika. Na viroboti vya kwenye video, vinavyopiga mbizi kama samaki, vimechorwa na mtu asiyejua kwamba kwa udogo huo maji ni mazito kama asali. Ukiacha kupiga makasia unasimama hapohapo.

Kuna na suala la vidole, nalo linahitaji swali lake.

Nasikia wakubwa waligombana kuhusu vidole. Nani alishinda?

Richard Smalley alikuwa mmoja wa waliopata Nobel ya kemia mwaka 1996 kwa kugundua molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira. Mwaka 2001 aliandika kwamba wazo la Drexler lina tatizo la vidole. Vidole vya mashine navyo vimejengwa kwa atomi, kwa hiyo ni vinene mno kuchezea atomi moja bila kugusa za jirani. Na atomi zinanata: ukiishika moja, kuiachia ni kazi nyingine. Jaribu kuweka punje moja ya uwele kwenye shimo huku mikono imepakwa ubuyu wa sukari. Mwaka 2003 wakaandikiana barua zilizochapishwa, na lugha ikawa kali.

Drexler alijibu kwamba hakuwahi kusema vidole. Vimeng'enya na ribosomu havina vidole na vinafanya kazi. Smalley akarudisha: sawa, lakini hivyo vinaishi majini na kufuata kemia ya uhai, na kemia hiyo haitakupa chuma wala fuwele ya silikoni.

Mimi nawapa alama hivi. Smalley alieleza ugumu kwa usahihi, kisha akavuka mpaka alipoufanya ugumu kuwa katazo. Majaribio yalishaanza kumpinga: mwaka 1999 kule Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Wilson Ho na mwenzake waliunganisha molekuli ya kaboni monoksidi na atomi ya chuma kwa kutumia sindano, moja kwa moja. Drexler naye alikuwa sahihi kuhusu sheria za asili, ila alizungumza kama vile kutoka sheria mpaka karakana ni mwendo wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Smalley alifariki 2005, na barua zikaishia hapo.

Kama sheria za fizikia hazikatazi, si ni suala la kuweka fedha nyingi tu?

Swali hili liliulizwa na mzazi, mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa, na nilifurahi kwa sababu jibu liko jirani na kwake.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Kongwa. Vita vimeisha, Waingereza hawana mafuta ya kupikia, na ramani inaonyesha Tanganyika ina ardhi. Mpango ulikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3. Hakuna sheria ya asili iliyokataza karanga kuota Kongwa. Fedha zilikuwepo, matrekta yalikuwepo, hata vifaru vya vita vilibadilishwa kuwa matrekta. Hesabu ya mezani ilikuwa safi kabisa: ekari kadhaa, mara magunia kadhaa, gawanya kwa idadi ya matrekta.

Kisha ukaja udongo. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi unakuwa mgumu kama tofali la kuchoma, na karanga inazaa chini ya ardhi: kuing'oa ni kama kuchimba msingi wa nyumba. Mizizi ya vichaka ikavunja majembe. Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya jeshi, yakafa haraka kuliko mafundi walivyoweza kuyafufua. Mvua ikawa mvua ya Ugogo, ambayo mwenyeji yeyote angewaeleza kwamba haina mwenyewe. Januari 1951 mradi ukafutwa, na pauni zaidi ya milioni 36 zikawa zimeteketea.

Sisemi kwamba nanoteknolojia ya molekuli ni karanga za Kongwa. Nasema maelfu ya mambo madogo ya kujua namna ya kufanya hayamo kwenye hesabu za mezani, za London au za kompyuta. Yanapatikana kwa kujaribu ekari moja, kukosea, na kujaribu tena. Hesabu za Drexler za mwaka 1992 ni nzuri, nimezipitia kadiri ya uwezo wangu. Hazina udongo ndani yake.

Kuna hatua yoyote iliyopigwa, au ni maneno tu?

Zipo, na ni tamu. Mwaka 2006 Paul Rothemund alionyesha namna ya kukunja uzi wa DNA mpaka uchore nyuso zinazocheka, kila uso una upana wa nanomita 100 hivi. Hakutumia vidole: aliandika mpangilio wa DNA, akachanganya na maji ya chumvi, akapasha moto, akaacha vipoe, vikajipanga vyenyewe kwa mabilioni. Mwaka 2016 Nobel ya kemia ilikwenda kwa Jean-Pierre Sauvage, Fraser Stoddart na Ben Feringa kwa mashine za molekuli: pete zinazotelezeshwa kwenye mhimili, mota inayosukumwa na mwanga. Mwaka 2017 kule Toulouse, Ufaransa, yakafanyika mashindano ya magari ya molekuli moja moja. Hakuna gari hata moja kati ya hayo lililobeba mzigo.

Ukiniuliza njia ipi itafika, nitasema hiyo ya vitu kujipanga vyenyewe. Badala ya kupigana na mtikisiko wa molekuli, unautumia: unatengeneza vipande vinavyopendana, joto linavichanganya, vinakutana. Ndivyo ribosomu yenyewe inavyoundwa.

Itachukua miaka mingapi?

Wazazi wa Dodoma ndio wa mwisho kustahili kuniuliza hili. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu ya nchi yahamie hapa, na mpango ulikuwa wa miaka 10. Barabara, nyumba na ofisi, vyote ni vitu ambavyo binadamu anajua kuvitengeneza tangu zamani. Waziri Mkuu alihamia 2016. Rais alihamia 2019.

Feynman alipotoa ile hotuba aliahidi zawadi mbili za dola 1,000. Ya kwanza ilikuwa kwa atakayetengeneza mota ya umeme inayoingia kwenye mchemraba wa milimita 0.4. Alidhani itahitaji ugunduzi mpya. William McLellan akaileta kabla mwaka haujaisha, kaitengeneza kwa koleo dogo na hadubini ya kawaida. Ya pili ilikuwa kupunguza ukurasa wa kitabu mara 25,000. Hiyo ikasubiri mpaka 1985. Mtu mmoja, jioni moja, akakosea pande zote mbili, naye alikuwa mmoja wa vichwa vikubwa vya karne yake.

Watu hunijibu kwa mfano wa kompyuta. Kweli, mwaka 1965 Gordon Moore alisema idadi ya vijenzi kwenye kibamba kimoja cha silikoni inaongezeka maradufu kila mwaka, na 1975 akarekebisha kuwa kila miaka miwili. Lakini kasi hiyo ya kupanda ni ya kitu kimoja. Ndege ya Concorde ilianza kubeba abiria 1976 kwa kasi mara mbili ya sauti, ikastaafu 2003, na leo ndege ya kibiashara inakwenda polepole kuliko ile. Hata silikoni ina ukuta: kizio kimoja cha fuwele yake ni nanomita 0.54, na huwezi kutengeneza nusu atomi. Hiyo "nanomita 3" inayoandikwa kwenye matangazo ya simu ni jina la biashara. Vipimo vya transista yenyewe, ile swichi ndogo ya umeme ndani ya kibamba, ni makumi ya nanomita.

Kwa hiyo sitaji mwaka. Anayetaja mwaka muulize ameshatengeneza nini.

Akili mnemba haitafupisha safari?

Sehemu moja imeshaifupisha. Kujua umbo la protini kulikuwa kazi ya miezi au miaka ya maabara; programu ya AlphaFold inakadiria umbo hilo kwa muda mfupi, na Nobel ya kemia ya 2024 ilikwenda kwa Demis Hassabis na John Jumper kwa kazi hiyo, pamoja na David Baker anayebuni protini ambazo asili haikuwahi kuzitengeneza. Kwangu hiyo ndiyo habari kubwa kuliko viroboti vyote vya video. Bado, kompyuta ikishabuni, mtu lazima aende maabara akoroge, asubiri, aone imekataa. Sehemu hiyo haijafupishwa sana.

Zikijizidisha hazitatula sote?

Hii ndiyo ile hofu ya "uji wa kijivu": mashine zinakula kila kitu na kugeuza dunia kuwa uji wa mashine. Ilitoka kwa Drexler mwenyewe 1986, akaichochea mhandisi wa kompyuta Bill Joy mwaka 2000. Mwaka 2004 Drexler na mwenzake waliandika kwamba kiwanda cha molekuli hakihitaji kabisa mashine zinazojizidisha zikizurura hovyo, ni usanifu mbaya hata kwa faida ya kiwanda.

Mkulima wa mtama anaielewa hoja hii haraka kuliko wanafunzi wangu. Kwelea kwelea wanazaliana kwa fujo, wanashuka shambani kama wingu, lakini hawajala Tanzania nzima. Chakula kinaisha, maji yako mbali. Bakteria mmoja akigawanyika kila dakika 20 bila kizuizi angeuzidi uzito wa dunia kabla siku mbili hazijaisha, na bakteria wapo tangu mabilioni ya miaka. Mashine ya atomi nayo itahitaji nishati, malighafi safi na njia ya kutoa joto. Ninachokiogopa zaidi ni silaha na sumu mpya zilizotengenezwa kwa makusudi, na hiyo haihitaji uji.

Inaweza kugeuza chuma kuwa dhahabu?

Hapana. Inapanga atomi, haibadilishi atomi. Atakayekuja na mashine ya kugeuza, usimpe hata nauli.

Je, ugali kutoka kwenye udongo?

Ugali ni kaboni, hidrojeni na oksijeni. Udongo ni silikoni, oksijeni na alumini kwa sehemu kubwa. Kaboni utaitoa hewani, hidrojeni kwenye maji, nishati kwenye jua. Mashine hiyo ipo, inaitwa muhindi, na hapa kwetu inasumbuliwa na ukame.

Nano gani ninayo tayari bila kujua?

Kipimo cha haraka cha malaria. Wengi wetu tumekaa kwenye benchi la zahanati tukikodolea macho kile kiplastiki cheupe: tone la damu, matone ya dawa, kisha mstari wa rangi ya zambarau-nyekundu unajitokeza taratibu. Rangi ile ni dhahabu. Dhahabu iliyopunguzwa hadi makumi machache ya nanomita haing'ai njano, inakuwa nyekundu kama mvinyo wetu wa zabibu. Kila chembe imevishwa kingamwili kinachonasa protini ya kimelea. Inasafiri na unyevu kwenye karatasi, inafika kwenye mstari ambako kingamwili kingine kinaisubiri, zinarundikana, unaona rangi. Mstari wa pili, wa uhakiki, unakuambia tu kwamba kipimo kinafanya kazi. Dhahabu, karatasi na tone la damu, bila umeme. Nikionyesha kile kiplastiki darasani, video inasahaulika kwa dakika kumi nzima.

Nyingine: chanjo za UVIKO-19 za Pfizer na Moderna zilifungwa ndani ya vitone vya mafuta vya nanomita 100 hivi. Na dawa ya saratani ya doksorubisini iliyofungwa kwenye vifuko vya mafuta iliidhinishwa Marekani tangu 1995. Ukitaka kiroboti cha kwenye damu, kilicho karibu zaidi na ukweli ni kifuko cha mafuta kisichoogelea wala kukata chochote.

Itatusaidia maji? Ya kwetu yana chumvi, na ndugu zangu Singida meno yanageuka kahawia.

Meno hayo mara nyingi ni floraidi. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Huwezi kuichuja kwa tundu dogo kirahisi, kwa sababu iyoni ya floraidi ina ukubwa unaokaribiana na molekuli ya maji. Tundu likiruhusu maji, nayo mara nyingi inapita. Kinachofanyika ni kuinasa. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe unainasa vizuri, teknolojia inayotumika nchini tangu zamani.

Nano inaingia kwenye eneo la kunasia. Mchemraba wa sentimita moja una uso wa sentimita za mraba 6. Ukiukata vipande vya nanomita 10, jumla ya uso inakuwa mita za mraba 600, kiwanja kizima cha nyumba, kutoka kwenye kitu kinachokaa kiganjani. Mtanzania Dk. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, alichanganya mchanga na vifaa vya nano kutengeneza chujio linalorekebishwa kulingana na uchafu wa mahali, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya uhandisi ya Royal Academy of Engineering ya London.

Ila kunasa kuna mwisho. Uso ukijaa lazima ubadilishwe au usafishwe, na mradi wa maji kijijini hufia hapo, kwenye nani atalipia kichujio cha pili. Na chujio haliongezi maji. Visima vya Makutupora vinavyoinywesha Dodoma hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98.

Ni salama kuvuta chembe hizo?

Usizivute. Utafiti wa panya uliochapishwa 2008 ulionyesha nyuzi ndefu za kaboni za nano zinaweza kuleta madhara yanayofanana na ya asibesto. Ikiwa imefungwa ndani ya kitu kigumu, hofu ni ndogo. Ikiwa unga unaopeperuka, vaa barakoa inayofaa.

Wafu waliogandishwa watafufuliwa?

Wapo waliolipia miili yao igandishwe kwa tumaini hilo. Hakuna aliyeamshwa. Ndilo swali pekee ninalomwachia mwalimu wa dini.

Mwanangu anataka kusomea hii. Achague nini?

Mchepuo wa PCM (fizikia, kemia, hisabati) au PCB (fizikia, kemia, biolojia), vyote vina njia. Akipenda protini na dawa, PCB. Akipenda vifaa na hesabu, PCM. Usimtafutie shahada yenye neno nano kwenye jina. Mwache aive kwenye kemia au fizikia kwanza, nano ataikuta mbele.

Naweza kuiona kwa macho yangu, bila maabara?

Nenda soko la Majengo, nunua kabichi ambayo bado ina majani ya nje yenye ukungu mweupe. Dondoshea maji. Tone linakuwa duara, linabingirika kama gololi na kubeba vumbi njiani. Ule ukungu ni fuwele ndogo sana za nta, nyingine hazionekani hata kwa hadubini ya shule, zilizosimama kama nyasi kiasi kwamba tone linakalia vichwa vyao na hewa. Jani limezijenga lenyewe, molekuli kwa molekuli, likiwa shambani.

Sasa sugua mahali pamoja kwa kidole gumba, mara mbili tu. Dondosha tone jingine hapo. Litatandaa na kulowanisha jani.